Fungua Macho Njiani: Tulinde Maisha na Pesa za Kikundi

Vikundi vingi tunavyotembelea vinaweka hesabu vizuri. Kitabu cha mweka hazina kiko, risiti ziko, na sanduku lina kufuli tatu. Lakini tukiuliza, "Hizo pesa zinafikaje benki?" tunajibiwa, "Mama huyu huzibeba tu siku ya soko." Hapo tunashtuka. Kufuli tatu hazisaidii kitu pesa zikishaingia katika kiondo cha mtu mmoja. Na kuliko pesa, kuna uhai wa yule anayezibeba.

Basi tujiulize: mwizi anafanya kazi namna gani? Nguvu si silaha yake ya kwanza. Anategemea mambo matatu kutoka kwetu sisi wenyewe.

Jambo la kwanza ni mazoea. Ukipita njia ile ile, siku ile ile, saa ile ile, mtu hahitaji kukufuata. Atakungojea tu. Ndiyo maana wakati wa bonasi ya majani chai, au siku ya mnada wa mifugo, wakora hujaa sokoni. Wanajua ni lini watu wana pesa.

Jambo la pili ni mawazo kuwa mbali. Mtu anatembea lakini akili iko kwenye simu, kwenye deni, au kwa mtoto mgonjwa. Tazama mlangoni pa matatu: mmoja anasimama mbele yako kama anayetafuta nauli, wa pili anakusukuma kutoka nyuma, wa tatu anachukua. Wewe unamkasirikia aliyekusukuma, na huku mwenye mali yako ameshaondoka.

Jambo la tatu ni haya. Tumelelewa kuheshimu watu, na hilo ni jema. Lakini mara nyingi moyo unashtuka, halafu tunajiambia, "Nitamkosea huyu kijana nikivuka barabara." Ule mshtuko si ujinga. Macho na masikio yamekwisha kuona jambo ambalo akili haijalipanga bado. Usiudharau. Kuvuka barabara hakumtukani mtu yeyote.

Tufanye nini basi?

1. Pesa za kikundi zisibebwe na mtu mmoja. Waende wawili au watatu, wabadilishe siku na njia, na siku hiyo isitangazwe mkutanoni wala steji. Pesa zisihesabiwe hadharani.

2. Kabla ya kutoka benki au kwa ajenti, simama kidogo mlangoni. Weka pesa mahali pake ukiwa ndani bado. Angalia ni nani yuko nje. Yule uliyemwona ndani, ukamwona tena steji, na sasa amesimama ulipokwama dukani, huyo mwangalie vizuri. Badala ya kwenda nyumbani, ingia penye watu: duka, shule, au kwa mzee wa kijiji.

3. Mwambie mtu unakokwenda na saa ya kurudi. Usiku mtumie mwendeshaji bodaboda mnayemjua, na mwenzako aandike nambari ya pikipiki.

4. Safarini usile wala kunywa kitu cha mtu usiyemjua. Wako waliopewa soda au biskuti yenye dawa, wakaamka bila mizigo. Na ukiona bunda la pesa limeanguka na mtu anakuambia "tugawane", ondoka. Bunda hilo ni mtego, na pata potea pia ni mtego.

5. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, vikundi vingi vimeacha kubeba noti. Ni vizuri, lakini wizi nao umehamia kwenye simu. Ficha nambari yako ya siri unapoibonyeza, na usimtajie mtu hata akisema anapiga kutoka kampuni ya simu. Ukipata ujumbe kwamba umetumiwa pesa kwa makosa, angalia salio lako kwanza. Anayekuharakisha hataki ufikiri. Na kama wewe mwenyewe umetuma kwa nambari isiyo sahihi, ule ujumbe wa M-Pesa upeleke mara moja kwa 456.

Na ikiwa tumeshambuliwa? Mwenye kisu au bunduki mpe anachotaka. Pesa za kikundi zitachangwa tena, lakini mama hachangwi. Usimkazie macho, ila kumbuka urefu wake, nguo zake, kovu, na upande aliokimbilia. Kisha piga 999 au 112, ukatoe ripoti kituoni, na usiondoke bila nambari ya OB. Wanachama nao wasianze kumshuku mweka hazina kabla ya kumsikiliza na kumfariji.

Tena tuseme wazi: mwizi akishikwa, apelekwe kwa polisi. Kumpiga mpaka kufa au kumchoma ni uuaji, na mara ngapi umati umemshika asiye na hatia?

Kuwa macho si kumwogopa kila mgeni. Wengi tunaokutana nao njiani ni watu wema, na wageni wana baraka zao. Aliye macho huwasalimu watu, huwajua majirani zake, na kwa sababu hiyo hutambua upesi jambo lisilo la kawaida. Kijiji ambacho watu hawasalimiani, mwizi hupita mchana bila kuulizwa.

Maswali ya kujadili kikundini:

- Pesa zetu hupita wapi kutoka hapa hadi benki? Ni nani mwingine anayejua?
- Ni mahali gani katika njia zetu panatutia hofu, na kwa nini? Je, ni kichaka cha kufyeka, au ni taa ya kuomba?
- Mwanachama akishambuliwa leo jioni, atakimbilia nyumba ya nani?

Msiondoke kikaoni kabla ya kukubaliana jambo moja mtakaloanza nalo juma hili. Tahadhari kabla ya hatari.