Je, Wajua? Draivu ya Mashine ya Kukereza Husingiziwa

Mashine ya kukereza ya CNC, yaani inayoongozwa na kompyuta, ikigoma mhimili, kwenye kontrola nyingi za FANUC alamu huja kwa namba: 411 mhimili ukiwa unatembea, 410 ukiwa umesimama. Mwenye karakana huona neno "servo" kwenye skrini, papo hapo akaagiza draivu mpya, kile kifaa kinachoipa mota umeme. Mimi hapo hasira hunipanda, maana mara nyingi draivu haina hatia.

Tazama enkoda, kile kisahani cha mistari myembamba nyuma ya mota. Mara nyingi kila sekunde kontrola hulinganisha mahali ilipouamuru mhimili ufike na mahali ulipofika. Mota huwa nyuma kidogo, kama mtu mwenye deni la dukani, na hilo si kosa: deni likikua, kontrola nayo hudai kasi zaidi. Likipita kiwango kilichowekwa, mashine husimama. Kwa hiyo 411 husema mota imechelewa, lakini haimtaji aliyeichelewesha. Huenda ni beringi ya skrubu iliyokwama, chembe za chuma zilizojazana chini ya kifuniko cha reli, bomba la grisi lililoziba, breki isiyoachia, au kebo iliyolowa maji ya kupoozea.

Anza kwa kuzima, kisha zungusha skrubu kwa mkono. Ikiwa ngumu, na si kwa sababu ya breki inayofunga umeme ukizimwa, draivu mpya haitakusaidia chochote. Ikiwa laini, na draivu za mihimili ya X na Z ni za aina moja, zibadilishe nafasi: alamu ikihamia mhimili wa pili, sasa una haki ya kuilaumu draivu. Ila usiguse ndani kabla taa ya chaji haijazimika. Kapasita hubaki na mamia ya volti. Na kama kitanda kimelala mshazari, egemeza X kwa gogo kabla ya kufungua mota, isije ikakuangukia mkononi.

Halafu kuna umeme. Kituo cha umeme cha Kidatu, megawati 204, kiko kusini tu ya Mikumi, lakini ukifunga mashine mwisho wa laini ndefu vijijini Kilosa, jirani akiwasha kinu cha kusaga volti hushuka na draivu hulalamika. Pima laini kwanza.

Na hasara si ya draivu tu. Karakana ya Mang'ula, kwenye barabara ya kutoka Mikumi kwenda Ifakara, ilijengwa enzi za ujenzi wa reli ya TAZARA, kisha ikabinafsishwa na kudorora. Tunapoteza chuma, tunapoteza na mafundi. Vijana wa chuo cha ufundi cha VETA Mikumi wangefundishwa kusoma alamu kabla ya kufundishwa kuagiza vipuri, draivu nyingi nzima zisingeishia kwenye vyuma chakavu.

Betri ya enkoda, ibadilishe mashine ikiwa imewashwa. Ukiitoa mashine ikiwa imezimwa, mhimili unaweza kusahau sifuri yake.

Na kazi za mashine ya kukereza? Shafti za vinu vya miwa, bushi za pampu, pini za matela, puli, nati kubwa, na mengineyo.