Shikamoo za Barabarani

Aprili 2024, Edna Kiplagat wa Kenya alishika nafasi ya tatu kwenye marathoni ya Boston akiwa na miaka 44. Wiki hiyo nilitembea kifua mbele Moshi nzima, utadhani nimekimbia mimi.

Mimi nina 54. Alfajiri nikipandisha barabara ya Kibosho, vijana wananipita mlimani, kila mmoja akinirushia "shikamoo mama" bila hata kuhema. Marahaba yangu huwafikia mgongoni. Kwenye tambarare siachwi sana. Mlimani ndiko umri unakonidai.

Chanzo kikubwa ni moyo. Kiwango cha juu cha mapigo yake hupungua karibu pigo moja kila mwaka, kwa mke na mume, ufanye mazoezi usifanye. Damu inayopeleka oksijeni kwenye misuli nayo hupungua. Kwa asiyefanya mazoezi, uwezo wa kutumia oksijeni hushuka takriban asilimia 10 kila miaka kumi. Anayejituma kweli anaweza kupunguza hasara hiyo hadi karibu nusu. Ila mbio zenyewe hazisahauliki: mkimbiaji mzoefu hatumii nguvu nyingi zaidi kwa kilomita kuliko zamani. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikimbia marathoni kwa saa 2:01:41 akiwa na miaka 37. Akiwa na 41, alitumia 2:04:15. Huko ndiko kuzeeka?

Kwa wanawake, rekodi za wenye miaka 60 na kuendelea huonyesha kasi ikishuka upesi kuliko kwa wanaume. Kukoma hedhi kunachangia, maana estrojeni ikipungua, mifupa na misuli hudhoofika. Lakini mwili usibebeshwe lawama zote. Boston haikuwapokea wanawake rasmi hadi 1972, na Olimpiki haikuwa na marathoni yao hadi 1984. Bibi wa miaka 80 leo alishakuwa mtu mzima milango hiyo ilipofunguliwa. Utamlinganishaje na babu aliyekimbia tangu shuleni?

Joan Benoit wa Marekani, aliyeshinda ile ya 1984, alikimbia Chicago kwa 2:21:21 mwaka 1985. Mwaka 2019, akiwa na miaka 62, alimaliza Berlin kwa 3:02:21. Ni dakika 41 tu katika miaka 34, na vijana wengi wa kiume hawaufikii muda huo wa uzeeni.

Dada zangu mliovuka hamsini, pimeni presha kwanza, nyanyueni vyuma kidogo kwa ajili ya mifupa, kisha ingieni barabarani.