Halmashauri inapotwaa magofu ya katikati ya mji

Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Kwa hiyo halmashauri inapotaka kiwanja kilichotelekezwa katikati ya mji, udongo wenyewe haununuliwi. Kinacholipiwa ni haki ya mtu kuutumia, pamoja na alichokijenga au kukipanda juu yake. Hata mwenye gofu lisilo na paa anayo haki hiyo maadamu hati yake ingali hai, na haiwezi kuondolewa kwa barua ya siku mbili na tingatinga.

Mpanda ni mji unaolihitaji somo hili. Ulikuzwa na mgodi wa risasi wa Mukwamba, uliokuwa wa kampuni ya Uruwira Minerals, na reli ya kilomita zipatazo 210 kutoka Kaliua iliyofika karibu na mwaka 1950. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, lakini treni iliendelea kuja na watu wakabaki. Mwaka 2012 Mkoa wa Katavi ulimegwa kutoka Rukwa na Mpanda ikawa makao makuu. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604 mkoani. Ile ya 2022 ilihesabu 1,152,958. Mji unaopokea ongezeko la namna hiyo hutanuka kuelekea pembezoni, ambako kila mtaa mpya unadai barabara, bomba la maji na nguzo za umeme. Katikati ya mji huduma hizo kwa kawaida zimekwishafika. Kiwanja kinachoota magugu hapo ni hasara ya mji mzima, si ya mwenyewe tu.

Njia rahisi ni kuelewana. Halmashauri humtafuta mmiliki, hukubaliana naye bei au humpa kiwanja kingine, na umiliki huhamishwa. Njia hii hukwama pale mmiliki alipofariki na warithi wametawanyika, mmoja Sumbawanga, mwingine Dar es Salaam, na mirathi haijafunguliwa.

Njia ya pili ni kubatilisha hati. Mwenye kiwanja cha mjini hupewa masharti: alipe kodi ya pango la ardhi kila mwaka na aendeleze eneo ndani ya muda uliowekwa. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inaruhusu hati ya aliyekiuka masharti kubatilishwa na Rais, na inataja pia ardhi iliyotelekezwa. Lakini lazima mhusika apewe ilani na nafasi ya kujitetea. Halmashauri hupendekeza tu; haina mamlaka ya kufuta hati yenyewe.

Njia ya tatu, iliyo nzito kuliko zote, ni kutwaa kwa manufaa ya umma chini ya Sheria ya Utwaaji wa Ardhi ya 1967. Sheria hiyo ilikuwa kali: ardhi tupu haikulipiwa. Sheria ya 1999 ilibadili msimamo kwa kutambua kwamba maslahi katika ardhi yana thamani, na kwamba fidia iwe kamili, ya haki na ya wakati. Kanuni za mwaka 2001 zikaeleza namna ya kuihesabu. Mthamini huanza na bei ya soko, kisha huongeza posho ya usumbufu, posho ya usafiri wa tani 12 kwa umbali usiozidi kilomita 20, posho ya makazi ya kodi ya miezi 36, na faida ya biashara iliyopotea, nayo kwa miezi 36. Ila posho za usafiri, makazi na faida hazilipwi kwa eneo lisilo na mtu. Ndiyo maana gofu tupu hugharimu kidogo kuliko kiwanja jirani chenye maduka, na halmashauri yenye busara huanzia hapo.

Tatizo ni kwamba magofu mengi hayako tupu. Ukutani huegemezwa kibanda cha fundi cherehani, uani hupikia mama lishe, mbele hujipanga bodaboda. Faida ya biashara huthibitishwa kwa hesabu zilizokaguliwa pale inapobidi. Mama lishe atazitoa wapi? Hapa ndipo haki inapopotea, na maafisa ardhi wangepaswa kuwaorodhesha watu hawa kabla ya uthamini, si baada ya malalamiko.

Muda nao ni fedha. Fidia hutakiwa kulipwa ndani ya miezi sita. Ikichelewa, riba huanza kuhesabiwa. Chini ya Sheria ya Uthamini ya 2016, uthamini wa fidia huishi miaka miwili tu tangu uidhinishwe na Mthamini Mkuu wa Serikali. Halmashauri inayothamini kabla haijapata fedha hulazimika kurudia kazi, huku mwenye nyumba akiwa ameacha kuikarabati kwa kusubiri.

Magomeni Kota, Dar es Salaam, ilionyesha gharama ya kubomoa mapema. Kaya 644 ziliondolewa, nyumba za zamani zikabomolewa, eneo likakaa wazi kwa miaka kadhaa. Nyumba mpya 644, zilizojengwa na Wakala wa Majengo Tanzania, zilizinduliwa Machi 2022 na wakazi wa awali wakapewa kipaumbele. Ahadi ilitimizwa, lakini baada ya takriban mwongo mzima wa kupanga kwingine.

Kwa manispaa kama Mpanda, mpango wa kuendeleza upya eneo hutangulia malipo, nao hujadiliwa na wamiliki na wananchi kabla ya kufika kwa madiwani, kwa mujibu wa Sheria ya Mipango Miji ya 2007. Ndani yake huandikwa matumizi ya kila kiwanja. Humo humo yafaa iandikwe nani atarudishwa kufanya biashara na kwa kodi gani, kwa sababu viwanja vikishagawiwa wawekezaji, fundi cherehani hana tena kikao cha kuuliza.