Kuchagua Roboti ya Programu kwa Mtoto Mdogo

Roboti ya programu ya mtoto mdogo ni kichezeo chenye magurudumu, mota na kumbukumbu ndogo, ambacho hakiendi popote mpaka kipewe amri. Hapo ndipo kinapoachana na gari la rimoti. Gari la rimoti hufuata kidole: mtoto akibonyeza linakwenda, akiachia linasimama. Roboti hungoja. Mtoto hufikiria njia nzima kwanza, hupanga amri moja baada ya nyingine, kisha huianzisha na kukaa kando kuitazama. Ikifika, mpango ulikuwa sawa. Ikigonga mguu wa meza, kuna kosa mahali fulani katika orodha ya amri, na kulitafuta kosa hilo ndiko kujifunza kwenyewe. Kwa hiyo kipimo cha kwanza cha kichezeo cha namna hii si wingi wa taa na sauti zake. Kipimo ni wepesi wa mtoto kuliona kosa lake na kulirekebisha mwenyewe.

Wazo hili lina zaidi ya miaka 50. Mwaka 1967, Wally Feurzeig, Seymour Papert na Cynthia Solomon walibuni Logo, lugha ya programu kwa watoto, katika kampuni ya Bolt Beranek and Newman huko Massachusetts, Marekani. Papert, mzaliwa wa Pretoria, Afrika Kusini, alikuwa amefanya kazi Geneva na Jean Piaget, mtaalamu wa makuzi ya akili ya mtoto. Baada ya muda mfupi Logo ikapewa “kobe”, roboti ya sakafuni iliyoweza kubeba kalamu na kuchora njia yake kwenye karatasi. Mtoto asiyejua kobe apinde wapi aliweza kusimama na kuipita njia hiyo kwa miguu yake, kisha akarudi kuandika amri. Tatizo ni kwamba Logo ilidai kusoma na kuandika. Katika miaka ya 1970, Radia Perlman wa chuo kikuu cha MIT alitengeneza mfumo wa TORTIS, ambao watoto wasiojua kusoma waliutumia kumwamuru kobe kwa vitufe, na baadaye kwa kadi za kuchomeka. Vichezeo vya leo ni wajukuu wa mashine hizo, na vinatofautiana hasa katika namna mtoto anavyotoa amri.

Aina nne

Aina ya kwanza ina vitufe mgongoni. Inayojulikana sana mashuleni ni Bee-Bot ya kampuni ya TTS ya Uingereza, yenye umbo la nyuki. Ina mishale minne, kitufe cha kuanza, cha kupumzika na cha kufuta. Kila hatua ni sentimita 15, na kila mgeuko ni nyuzi 90, kwa hiyo hutembea vizuri juu ya karatasi au plastiki iliyochorwa miraba ya kipimo hicho. Ni nyepesi kuielewa na haihitaji simu wala intaneti. Upungufu wake ni kwamba amri zikishabonyezwa hazionekani tena.

Chukua mfano wa ua lililochorwa mraba mmoja upande wa kulia wa nyuki. Mtoto wa miaka mitano anabonyeza mshale wa kulia, kisha kuanza. Nyuki anageuka palepale na kusimama. Kwa mtoto, mshale ule ulimaanisha “nenda kulia”. Kwa roboti ulimaanisha “geukia kulia” basi. Mtoto anaongeza mshale wa mbele na kuanzisha tena. Safari hii nyuki anageuka kulia mara ya pili, ndipo anasonga, na kuishia nyuma ya pale alipoanzia. Amri ya kwanza ilikuwa bado imo kwenye kumbukumbu, kwa kuwa hakuna aliyeifuta. Dawa yake ni nyepesi: kukata kadi za karatasi, kuchora mshale kwenye kila moja, na kuzipanga sakafuni kabla ya kubonyeza chochote. Roboti ikipotea, kadi zinabaki kama ushahidi.

Aina ya pili imeitibu kasoro hiyo tangu kiwandani, kwa kuwa amri zake ni vipande vya kushikika. Cubetto ya Primo Toys ni kisanduku cha mbao chenye uso wa tabasamu, kinachoongozwa na ubao wenye matundu. Kipande cha kijani ni mbele, chekundu kulia, cha njano kushoto, na cha buluu huita kikundi cha amri zilizopangwa pembeni. KIBO, iliyotokana na utafiti wa Marina Umaschi Bers katika Chuo Kikuu cha Tufts, hutumia matofali ya mbao yenye mistari ya msimbo kama ile ya bidhaa za dukani. Mtoto huyaunganisha, kisha roboti huyasoma moja moja. Mpango mzima unabaki mezani, na mtoto anaweza kuufuata kwa kidole mpaka afike kwenye kosa. Hasara yake ni bei ya juu na vipande vinavyopotea chini ya kabati.

Aina ya tatu husoma rangi. Ozobot, ndogo ya kukaa kiganjani, hufuata mstari uliochorwa kwa kalamu ya wino mzito, na mpangilio wa vipande vya rangi juu ya mstari huiambia iongeze mwendo, ipunguze au igeuke. Inapendwa na watoto wanaopenda kuchora, ila mstari mwembamba au wenye mikwaruzo huipoteza, na mkono wa mtoto wa miaka minne bado hauna utulivu huo.

Aina ya nne huamuriwa kwa simu au tableti. Dash ya Wonder Workshop, kwa mfano, imekusudiwa watoto kuanzia miaka sita. Hapa mtoto hukutana na mambo makubwa zaidi: kurudia amri, kuweka masharti, kusubiri roboti ihisi kizuizi. Lakini macho huhamia kwenye skrini, na programu nyingi za simu zimeandikwa kwa Kiingereza. Mshale na rangi havina lugha, jambo la maana kwa mtoto anayezungumza Kiswahili nyumbani.

Umri

Mtoto wa miaka mitatu au minne hutosheka na amri tatu au nne za vipande vikubwa. Wa mitano na sita humudu vitufe na njia yenye kona, ingawa kulia na kushoto humchanganya, hasa roboti inapomwelekea, maana kulia kwake ni kushoto kwa mtoto. Kibandiko chekundu upande wa kulia wa roboti humsaidia, au mtoto asimame nyuma yake. Kuanzia miaka saba, amri za kurudia na za masharti huanza kumwingia.

Mambo ya kukagua

Usahihi hupimwa kwa kuamuru mraba: mbele mara mbili na kugeuka kulia, mara nne mfululizo. Roboti nzuri hurudi ilipoanzia. Ikikosea mbali, mtoto atahesabu kosa la mashine kuwa lake, na somo limeharibika. Sakafu nayo ina neno: saruji laini na vigae vinafaa, lakini mkeka wa ukili na zulia nene huipotosha.

Kwenye betri, zile za kuchajiwa huokoa fedha, na mahali pa betri panapaswa kufungwa kwa skrubu. Betri bapa za umbo la kifungo ndizo za hatari zaidi: ikimezwa na kukwama kooni, inaweza kuunguza njia ya chakula ndani ya saa 2. Alama ya uso wa mtoto wenye namba 0-3 na mstari mwekundu maana yake ni kwamba kichezeo hakifai kwa walio chini ya miaka mitatu, mara nyingi kwa sababu ya vipande vidogo.

Roboti inayotegemea intaneti inahitaji maswali zaidi. Je, ina maikrofoni, na sauti ya mtoto inapelekwa wapi? Mwaka 2017 Ujerumani ilipiga marufuku mwanasesere My Friend Cayla kwa sababu hiyo. Je, kampuni ikifungwa, kichezeo kitaendelea kufanya kazi? Wenye roboti ya watoto iitwayo Moxie waliliona hilo mwishoni mwa 2024, kampuni yake ya Marekani ilipotangaza kufunga, ilhali roboti ilitegemea huduma zake za mtandaoni. Roboti ya vitufe au ya mbao haina deni hilo.

Kujaribu kabla ya kununua

Uchaguzi unaweza kuanza bila roboti. Chora miraba sakafuni kwa chaki, mtoto mmoja awe roboti, mwingine apange kadi za mishale. Anayejifanya roboti atii kadi tu, hata kama zinampeleka ukutani. Mtoto anayepotea kadi zikifunikwa atafaidika zaidi na vipande vya kushikika. Anayekumbuka amri tano bila kuzitazama yuko tayari kwa vitufe. Naye anayelalamika kwamba amechoka kuweka kadi ya “mbele” mara sita, na kutaka kadi moja tu iandikwe 6, amekwisha kubuni amri ya kurudia. Huyo ndiye wa kununuliwa roboti inayoijua amri hiyo.