Kwa nini birika hufanya mawe?

Katika sehemu zenye mawe ya chokaa, kama vile Tanga, akina mama wanalijua jambo hili: birika likitumika miezi michache, ndani yake hujengeka gamba jeupe, gumu kama jiwe. Wengine huogopa na kuuliza, "Kama birika limekuwa hivi, je, figo zetu?" Basi huyaacha maji ya chemchemi na kwenda kuchota ya bwawani. Tuelewe kwanza gamba hilo linatoka wapi.

Maji ya mvua huzama katika udongo. Humo mizizi na majani yanayooza hutoa hewa ya kaboni. Hewa hiyo ikiyeyuka katika maji, maji hupata ukali kidogo, kama ule wa soda. Yakikutana na jiwe la chokaa hulila polepole, na kile kilichoyeyuka huenda nacho. Kwa macho huoni kitu. Maji ni maangavu. Ila sabuni haitoi povu upesi.

Maji hayo yakitokea kwenye chemchemi, au yakidondoka kutoka dari la pango, hewa ile hutoka, kama inavyotoka chupa ya soda ikifunguliwa. Bila hewa hiyo maji hayawezi tena kubeba chokaa yote. Sehemu yake hubaki pale na kuwa jiwe tena. Ndivyo zilivyojengeka nguzo za mapango ya Amboni, kilomita 8 hivi kaskazini ya mji wa Tanga: nyingine zinaning'inia darini, nyingine zinainuka kutoka sakafuni. Haba na haba hujaza kibaba: mara nyingi nguzo ya namna hiyo haikui hata milimita 1 kwa mwaka.

Birikani ni jambo hilohilo, ila moto huifukuza hewa upesi zaidi.

Je, maji haya yanadhuru? Shirika la Afya Duniani halijaona ushahidi wa kutosha kwamba maji magumu huleta ugonjwa. Chokaa hiyo ina kalsiamu, ambayo mwili huihitaji kwa mifupa na meno. Mawe ya figo yana sababu nyingi, na mojawapo kubwa ni kunywa maji kidogo mno. Aliyekwisha kuugua mawe hayo afuate ushauri wa daktari wake. Na yale meno ya rangi ya kahawia yanayoonekana sehemu za Arusha hayatokani na chokaa, bali na floridi, ambayo haiondoki kwa kuchemsha maji.

Hatari ya kweli iko mahali pengine. Maji yaliyokula jiwe kwa maelfu ya miaka yamefungua nyufa na mifereji ardhini. Katika mchanga maji hupita taratibu na kuchujwa; katika nyufa hizi hukimbia bila kuchujwa. Uchafu wa choo, au wa mzoga uliotupwa shimoni, waweza kufika kisimani upesi. Hivyo maji maangavu yaweza kubeba kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara.

Basi tufanye hivi:

1. Maji ya kunywa yachemke kwa nguvu kwa dakika 1. Milimani, dakika 3. Yakipoa, unga mweupe ukituama chini, yamimine taratibu katika chombo safi chenye kifuniko.

2. Choo kisichimbwe upande wa juu wa chemchemi, wala karibu nayo.

3. Mashimo yanayomeza maji ya mvua yasitupiwe taka wala mizoga.

4. Gamba la birika liondolewe kwa siki au maji ya ndimu. Yaache ndani kwa saa chache, kisha sugua na kusuuza vizuri.

5. Mtoto akiharisha, apewe mara moja maji ya chumvi-sukari yaliyotengenezwa kwa vipimo sahihi, na apelekwe zahanati.

Tusiliogope gamba tunaloliona, tukasahau vijidudu tusivyoviona.