Goma: Unataka kuanza mbio? Anza na mguu wako, si na jina la kiatu

Kila asubuhi ya siku ya posho, ukisimama kando ya barabara ya Himbi katika mji wa Goma, utawasikia kabla ya kuwaona. Ni kundi la vijana, mama wachache na baba wenye vitambi. Wanapiga makofi, wanaimba, wanakimbia kuelekea katikati ya mji. Nyuma ya kundi hakukosi mmoja. Anashika kiuno, anachechemea, mwishowe anasimama. Juma linalofuata humuoni tena.

Siku moja huyo wa nyuma nilikuwa mimi.

Muganga alikuwa amenipima na kuniambia kwamba tansio, yaani presha ya damu, imeanza kupanda, na kwamba nisogeze mwili kabla ya kufikia dawa za kila siku. Nilienda sokoni ile siku nikanunua viatu vyeupe vyenye jina kubwa ubavuni. Vilinibana kidogo, lakini muuzaji alisema vitapanuka. Kesho yake nilifuata kundi kilomita nane bila kupumzika. Kucha mbili za miguu ziligeuka nyeusi, mfupa wa muundi ukaniuma mwezi mzima, na viatu vikakaa chini ya kitanda.

Wengi wanaoanza futingi wanapitia hapo. Katika mji ambamo watu wengi wanakula kutokana na kazi ya siku ile ile, mguu ukiumia si mazoezi tu yanayosimama. Mwendesha moto hawezi kukanyaga breki, mama wa sokoni hawezi kubeba mzigo wake, na nyumbani chungu kinabaki bila kitu. Ndiyo maana inafaa kujua mambo machache kabla ya kutoa feza na kabla ya kutoka mbio.

Kiatu kizuri ni kipi?

Jibu ni fupi kuliko watu wanavyofikiri: ni kile kinachokuenea na ambacho mguu wako unakisikia vizuri tangu mara ya kwanza.

Kwa miaka mingi wauzaji wa nchi za Ulaya na Marekani walifundisha kwamba mtu mwenye unyayo bapa anunue kiatu cha aina hii, na mwenye unyayo uliopinda anunue cha aina ile. Jeshi la Marekani lilijaribu jambo hilo kwa askari wapya, kwanza wa nchi kavu, kisha wa anga na wa majini. Kundi moja lilipewa viatu kufuatana na umbo la unyayo, kundi lingine likapewa viatu vya aina moja bila kuangalia unyayo. Matokeo yalitolewa mwaka 2009 na 2010: kuchagua kiatu kwa njia ya unyayo hakukupunguza majeraha kwa namna ya kuonekana. Kisha, mwaka 2015, mtaalamu Benno Nigg wa chuo kikuu cha Calgary, Canada, pamoja na wenzake walipendekeza kwamba mkimbiaji achague kwa kusikiliza mguu wake mwenyewe: kiatu kinachomstarehesha ndicho chake.

Hiyo ni habari njema kwa mtu mwenye feza kidogo. Si lazima kununua kiatu cha bei kali kuliko vyote. Lakini ni lazima kukijaribu kwa uangalifu.

Nenda kununua saa za mchana au jioni, sababu miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyoenda, kama inavyovimba ukikimbia. Beba soksi utakazokimbia nazo. Vaa viatu vyote viwili, kwani kwa watu wengi mguu mmoja unazidi mwingine kidogo. Fuata ule mkubwa. Simama wima, kisha pima mbele ya kidole kirefu zaidi: nafasi iwe sawa na upana wa kidole gumba cha mkono. Vidole viweze kucheza ndani, na kisigino kisipande na kushuka unapotembea. Ukiambiwa kwamba kitapanuka, kirudishe. Kiatu cha mbio kinapaswa kukuenea siku ile ile. Usiangalie nambari peke yake pia, sababu 42 ya kiwanda kimoja inaweza kuwa ndogo kuliko 42 ya kingine.

Kwenye caguwa, fungua macho

Wengi wetu hatununui viatu vipya. Tunavipata kwenye caguwa, katika soko la Virunga, Birere au kando ya barabara, ambako viatu vilivyovaliwa ng'ambo vinamwagwa kutoka ndani ya balo. Hakuna haya. Kiatu cha caguwa chenye hali nzuri kinaweza kushinda kipya cha kuigwa, ambacho gundi yake inaachia mvua ya kwanza.

Jambo la kwanza ni kuangalia kama kiatu cha kulia na cha kushoto vina nambari moja. Kwenye rundo, pea huchanganyika. La pili, viweke juu ya kitu kilicho sawa, uvitazame kutoka nyuma. Kama kimoja kimelala upande, aliyekivaa amekwisha kukipinda, na kitakupinda nawe. La tatu, geuza soli: kama meno yake yamelika upande mmoja hadi kuwa laini, kiache. La nne, bonyeza kwa kidole gumba ile sponji iliyo kati ya soli na mguu. Ikishuka na kurudi, iko hai; ikiwa ngumu kama ubao au imejaa mikunjo, imekufa, hata kama juu kiatu kinang'aa. Mwisho, kunja kiatu: kipindike pale vidole vinapopindika, si katikati kabisa kama karatasi.

Kiatu cha mbio kipya hudumu, kwa makadirio ya kawaida, kati ya kilomita 500 na 800. Cha caguwa kimekwisha kula sehemu ya hizo kilomita, na hujui ngapi. Juu ya hiyo, kitumie kwa mbio tu. Ukikivaa pia kwenda kazini, sokoni na kanisani, utakimaliza haraka.

Mawe ya Goma si lami ya Roma

Kuna watakaosema: Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki huko Roma mwaka 1960 bila viatu. Ni kweli. Lakini miguu yake ilikuwa imezoea, na barabara za Roma hazikutengenezwa na Nyiragongo. Halafu mwaka 1964, huko Tokyo, Bikila alivaa viatu, akashinda tena.

Mji wetu umekaa juu ya mawe ya volkano. Lava ya mwezi wa kwanza 2002 ilipita katikati ya mji hadi ziwani, na ile ya mwezi wa tano 2021 ilisimama karibu kabisa na mji, upande wa Buhene. Katika mitaa mingi unakanyaga jiwe jeusi lenye makali, lisilolala sawa. Soli nyembamba inapenyezwa, kitambaa kinakatwa ubavuni, na kifundo cha mguu kinageuka. Kama unakimbia kwenye njia za mawe, tafuta soli nene yenye meno. Kama unakimbia kwenye lami peke yake, soli ya kawaida inatosha. Anayeanza afanye mazoezi yake ya kwanza mahali palipo sawa, hata kama atazunguka njia moja mara kumi. Kambambili si za kukimbilia, sababu vidole vinafanya kazi ya kuzishika badala ya kukusukuma mbele.

Kiatu kikilowa mvua, toa soli ya ndani, jaza karatasi kavu, weka mahali penye hewa. Usikiweke karibu na mbabula. Moto unaachisha gundi na kukausha sponji.

Anza polepole kuliko unavyotaka

Hata kiatu bora hakimponyi mtu mwenye haraka. Moyo na mapafu huzoea mbio upesi, lakini mifupa na mishipa inayoshika misuli huchukua muda mrefu zaidi. Ndiyo maana katika juma la tatu unajisikia una nguvu, unaongeza kilomita, kisha muundi au goti linakukatalia.

Njia iliyosaidia watu wengi duniani ni kuchanganya kukimbia na kutembea. Fanya siku tatu kwa juma, na acha siku moja ya kupumzika kati ya zoezi na zoezi. Kila mara anza kwa kutembea dakika tano, na maliza kwa kutembea dakika tano.

Juma la 1 na la 2: kimbia dakika 1, tembea dakika 2, rudia mara 8.

Juma la 3 na la 4: kimbia dakika 2, tembea dakika 2, rudia mara 6.

Juma la 5 na la 6: kimbia dakika 4, tembea dakika 2, rudia mara 4.

Juma la 7 na la 8: kimbia dakika 8, tembea dakika 2, rudia mara 3.

Kisha jaribu dakika 20 bila kusimama, uongeze kidogo kidogo hadi 30. Juma likikushinda, lirudie. Hakuna anayekuhesabia.

Mwendo wa kufaa unapimwa kwa mdomo. Ukiweza kuzungumza na mwenzako kwa maneno kamili, uko sawa. Ukibaki na neno moja moja, punguza. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na mgeni anayetoka Kinshasa asishangae pumzi ikimkatikia mapema.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa juma, au yale makali dakika 75 hadi 150. Kutembea haraka nako kunahesabiwa. Mwenye tansio, sukari, ugonjwa wa moyo au mimba amuone muganga kwanza. Na yeyote anayesikia maumivu ya kifua au kizunguzungu akiwa njiani asimame palepale na atafute muganga. Misuli kuuma siku mbili ni kawaida. Maumivu ya mahali pamoja juu ya mfupa, yanayozidi kila ukikimbia, si ya kuvumilia.

Wapi, na saa ngapi?

Subiri mwangaza, karibu saa kumi na mbili asubuhi. Kimbia na wenzako, kwenye njia mnazozijua, na mwambie mtu wa nyumbani mnapopita. Kwa dada na mama zetu, kundi ni ulinzi dhidi ya maneno na mabaya zaidi ya maneno. Kama mnapita barabarani, kaeni upande wa kushoto ili mzione moto na gari zinazokuja mbele yenu.

Jambo moja ni la kwetu hasa. Upande wa magharibi ya mji, kuelekea Sake, kuna mazuku: gesi ya kaboni inayotoka ardhini. Haina rangi wala harufu. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inajikusanya kwenye mabonde madogo na mashimo, hasa usiku na alfajiri, kabla ya upepo na jua kuitawanya. Imekwisha kuua watu na wanyama. Mkimbiaji asishuke mabondeni saa hizo, na asilale chini kupumzika huko.

Kivu ya Kaskazini imetoa wakimbiaji. Katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016, Makorobondo Salukombo alikimbia marathoni kwa jina la Congo, na Beatrice Kamuchanga akakimbia mita 5,000. Wengi wetu hatutafika huko, na si lazima. Mtu aliyeambiwa na muganga asogeze mwili anahitaji nusu saa, mara tatu kwa juma, na miguu miwili mizima ya kumrudisha nyumbani.

Viatu vyangu vyeupe nilivigawa kwa mpwa wangu, ambaye vinamuenea. Nilirudi sokoni mchana, na soksi mkononi, nikachagua vya kijivu visivyo na jina la kujivunia. Ilinichukua miezi mitatu kumaliza nusu saa bila kusimama. Siku ya posho ningali nyuma ya kundi la Himbi. Lakini siku hizi sisimami, na juma linalofuata ninarudi.