Mgongo Ukipona, Mkeka Usikunjwe

Niliununua mkeka wiki ile niliyoinama kunyanyua dumu la maji la lita 20 nikashindwa kuinuka. Kiuno kilikaza nikabaki nimeshika ukuta. Kwa wiki 3 niliutandika kila alfajiri: nalala chali, nakunja magoti, nainua nyonga, nahesabu hadi 10, nashusha, kama mtaalamu wa fiziotherapia alivyonielekeza. Wiki ya 4 maumivu yakaisha. Wiki ya 5 mkeka ukaenda kukaa nyuma ya mlango. Haikupita miezi mingi kiuno kikarudi kule kule.

Wenye kuugua mgongo wanaijua safari hii, nao si wachache. Mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo, na hakuna maradhi mengine yanayowafanya watu wengi kiasi hicho waishi bila kuweza kufanya shughuli zao sawasawa. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa Desemba 2023 unaweka mazoezi miongoni mwa tiba za maumivu sugu ya mgongo, na unawataka wahudumu wasiwafungishe wagonjwa mikanda ya kiuno kama jambo la kawaida. Dawa tunaijua. Shida ni kudumu nayo.

Anayeacha huambiwa ni mvivu. Sikubali. Anayefanya mazoezi kwa sababu ya maumivu anaamshwa na maumivu yenyewe. Yakiondoka, hakuna tena wa kumwamsha. Tunaacha kwa sababu tumepona, na hapo ndipo mgongo unapotuhitaji zaidi.

Ushahidi mzuri wa jambo hili umetoka Australia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Macquarie waliwachukua watu 701 ambao mgongo wao ulikuwa umetoka kupona. Kundi moja liliwekewa mpango wa kutembea, ukiongezwa kidogo kidogo kuelekea dakika 30, mara 5 kwa wiki, huku wakikutana au kuzungumza na mtaalamu wa fiziotherapia mara 6 ndani ya miezi 6. Kundi la pili liliachwa liendelee na maisha yake. Matokeo yalichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2024. Katika kundi lisilo na mpango, nusu ya watu walishaangushwa tena na maumivu ya kuwazuia shughuli zao kufikia siku ya 112. Waliotembea walifika siku ya 208 kabla nusu yao haijafikwa na hali hiyo. Maumivu yalirudi kwa wengi, hilo lisifichwe, lakini miezi 3 zaidi ya kulala vizuri na kufanya kazi si zawadi ndogo, hasa kwa mtu ambaye asipoinama shambani au asiposimama sokoni hali chakula.

Kuna na woga. Umepigwa picha, ukaambiwa pingili zimesagika, basi kila unapoinama unaona kama kitu kitakatika. Uchunguzi wa picha za watu 3,110 wasio na maumivu yoyote, uliokusanywa na kuchapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba asilimia 37 ya wenye miaka 20 tayari diski zao zilikuwa na dalili za kuchakaa. Kwa wenye miaka 80 ilikuwa asilimia 96. Kwa hiyo picha peke yake isikufunge kitandani. Huko Helsinki mwaka 1995, wafanyakazi wa jiji walioshikwa ghafla na mgongo walipona haraka zaidi walipoendelea na shughuli za kawaida kadiri walivyoweza, kuliko walioambiwa walale kitandani siku 2. Tahadhari ni hii: miguu ikikosa nguvu, ukafa ganzi katikati ya mapaja, au ukashindwa kuzuia au kutoa mkojo, hapo hakuna mazoezi. Ni hospitali, siku hiyo hiyo.

Sasa hamu itatoka wapi? Mtaani kwetu yupo fundi cherehani, mzee wa makamo, kazi yake ni kuinama kutwa. Nilimwamkia nikamuuliza anawezaje.

"Mwanangu, mimi siingojei hamu," alinijibu, chaki bado mkononi. "Nikishamaliza kukata kitambaa, kabla sijakaa kwenye cherehani, nauzunguka msikiti mara moja. Nikikata vitambaa vinne, nimezunguka mara nne."

Wanasaikolojia wameliona analoliishi. Katika utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2002, wanafunzi 248 waligawanywa makundi matatu. Waliosomeshwa faida za mazoezi tu, asilimia 35 walifanya mazoezi wiki iliyofuata; wasiosomeshwa chochote, asilimia 38. Walioongezewa kuandika siku, saa na mahali watakapofanyia, walifika asilimia 91. Karatasi moja na kalamu. Watafiti wengine wa London walifuatilia watu 96 waliojizoeza jambo jipya kila siku kwa kulifunga kwenye jambo lililokwishazoeleka, mfano baada ya kifungua kinywa. Kwa kawaida lilichukua siku 66 kuwa mazoea, wengine 18, na kwa wazito ilikadiriwa 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Ningelijua hilo mapema, nisingeuacha mkeka kwa sababu ya Jumatatu moja iliyonipita.

Siku hizi mkeka wangu uko jikoni. Naweka birika la chai motoni, nalala chali, nainua nyonga mpaka maji yachemke. Jioni natembea hadi kituo cha daladala cha pili badala ya kile cha mlangoni. Nawe msomaji, chukua kalamu uandike saa na mahali. Na kama mgongo wako umeacha kuuma wiki hii, anza kesho.